Kempavani ndani ya Norröna: kuzima na kuwasha alamu kutoka Hirtshals hadi Iceland

Siku ya 1: Hirtshals, siku moja kabla ya meli

Norröna, feri ya kampuni ya Smyril Line, hutoka Hirtshals kaskazini mwa Denmark, hupitia Tórshavn kwenye Visiwa vya Faroe na kuishia Seyðisfjörður, mashariki mwa Iceland. Ni meli ya mita 164 iliyojengwa Lübeck, Ujerumani, na kuanza kazi mwaka 2003. Kipande cha kwanza peke yake, mpaka Tórshavn, kinazidi siku nzima baharini. Muda wote huo magari yako sitaha ya chini, milango imefungwa, na abiria wako juu. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli, SOLAS, haziruhusu abiria kuingia sitaha ya magari iliyofungwa meli ikiwa safarini, isipokuwa nahodha aridhie. Alamu ikianza kulia mita mia moja tu kutoka gatini, mwenye gari hana namna ya kuifikia. Aliyezoea kuvuka Likoni au Kigamboni hajapata kuumiza kichwa kwa jambo hili, maana pale dereva hakai mbali na gari lake na dakika chache tu yuko ng'ambo.

Ndiyo maana kazi yote ya alamu hufanywa leo, mchana, palipo na utulivu. Kesho kwenye sitaha kutakuwa na baharia anayekupungia mkono usogee, na lori likinguruma nyuma yako.

La kwanza kuelewa ni kwamba huzimi alamu nzima. Alamu ya kempavani, yaani gari la kulala safarini, ina ulinzi wa aina tatu, na meli inagombana na aina mbili tu. Ya kwanza ni swichi za milango, boneti na makabati ya nje: mtu akifungua, king'ora kinalia. Hiyo iache kama ilivyo. Ya pili ni vihisi vya ndani, ambavyo kwa kawaida hutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, takriban kilohezi 40. Hurusha sauti, husikiliza inavyorudi, na chochote kinachotikisika ndani huhesabiwa kuwa mwizi. Ya tatu ni kihisi cha mwinamo, kilichowekwa ili gari lisiinuliwe kwa jeki au kupakiwa juu ya lori la kuvuta. Kihisi hiki hukariri pembe ya gari wakati wa kufungwa, na pembe ikibadilika kwa nyuzi chache kinaamsha king'ora.

Sasa fikiria Atlantiki ya Kaskazini. Meli ikienda mrama, pembe ya gari inabadilika kila sekunde kadhaa. Pazia linayumba, koti lililotundikwa linapiga ukuta, maji yanacheza kwenye sinki. Mafeni makubwa ya sitaha yanasukuma hewa, na hewa hiyo hupenya kwenye matundu ya kudumu ya paa, yale ya usalama wa gesi ambayo hayafungiki. Vihisi vyote viwili vina kila sababu ya kulia, na havijaharibika. Vinafanya kazi yake mahali pasipovifaa.

Kanuni namba 116 ya Umoja wa Mataifa, inayosimamia alamu za magari, inataka mlio mmoja uwe kati ya sekunde 25 na 30. Watu husikia hivyo wakatulia, wakidhani gari litalia mara moja na kunyamaza. Tatizo ni kwamba kila wimbi jipya ni tukio jipya. King'ora kinanyamaza, kihisi kinajipanga, meli inalala upande wa pili, kinalia tena. Indiketa nazo zinamulika muda huohuo, na zinaruhusiwa kuendelea hadi dakika 5. Piga hesabu ya umeme: balbu nne za wati 21 na mbili za pembeni za wati 5 ni wati 94, karibu ampea 8 zikiwaka, na kwa kuwa zinawaka na kuzima, wastani ni ampea 4. Zikimulika nusu ya kila saa kwa saa 20, zimekula takriban ampea-saa 40. Betri ya injini ya Fiat Ducato nyingi ni ya ampea-saa 95 hivi, na ikiwa imezeeka haina hata hizo. Asubuhi ya kushuka gari haliwaki, na liko katikati ya mstari, mbele ya magari mengine yote.

Namna ya kuzima vihisi hivyo inategemea gari, na hapa mazoea ya gari moja ni hatari kwenye gari jingine. Katika magari mengi ya familia ya Volkswagen, kubonyeza kitufe cha kufunga mara mbili mfululizo ndani ya sekunde chache hufunga milango na kuacha vihisi vya ndani na vya mwinamo vikiwa vimelala. Kwenye Ford Transit nyingi, kubonyeza mara mbili hufanya jambo jingine kabisa: huweka kufuli la pili, ambalo huzuia milango isifunguke hata kwa mtu aliye ndani, na vihisi vinabaki macho. Kwenye Transit unapita kwenye menyu ya dashibodi, sehemu ya alamu, unachagua ulinzi uliopunguzwa, halafu ndipo unafunga. Menyu hiyo ina chaguo la kuulizwa kila unapotoka. Liwashe kwa safari hii. Mercedes Sprinter za kizazi cha 2006 hadi 2018 zenye alamu kamili zina vitufe viwili juu ya kioo cha mbele, kimoja cha ndani na kimoja cha mwinamo, na ni lazima vibonyezwe vyote viwili. Wengi hubonyeza kimoja tu.

Ducato ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya magari ya kulala Ulaya, na utaratibu wake hauonekani mpaka uonyeshwe. Kwenye nyingi zenye alamu ya kiwandani, ufunguo ukiwa MAR (nafasi ya kuwasha) unaurudisha STOP (nafasi ya kuzima), unaupeleka MAR tena mara moja, unaurudisha STOP, unauchomoa. Taa ya onyo kwenye dashibodi huwaka kama sekunde mbili kukujulisha kwamba vihisi vya ndani vimezimwa. Usipoiona, umechelewa kati ya hatua mbili, anza upya. Soma pia kitabu cha gari lako, kwa sababu kuna miaka na masoko yaliyopewa mpangilio tofauti.

Alamu zilizofungwa baadaye na fundi ni suala jingine. Nyingi zina kitufe cha pili kwenye rimoti, kinachobonyezwa sekunde chache baada ya kufunga, na jibu lake ni mlio mfupi au mabadiliko ya kumulika kwa ile taa ndogo nyekundu. Ukiwa umenunua gari la mtumba na hukupewa kitabu, tafuta jina la alamu kwenye king'ora chenyewe chini ya boneti.

Kisha jaribu. Teremsha kioo cha dereva nusu, zima vihisi kwa utaratibu wako, funga gari ukiwa nje. Subiri dakika nzima, kwa sababu vihisi vingi huanza kazi sekunde 30 hadi 45 baada ya kufunga, na anayejaribu mapema hudanganyika. Ingiza mkono dirishani, upungepunge. Kimya maana yake umefanikiwa. Sasa rudia bila kuzima vihisi. Safari hii lazima king'ora kilie, la sivyo jaribio la kwanza halikuthibitisha kitu. Kwa mwinamo, weka jeki ya magurudumu upande mmoja na uinue polepole sentimita chache bila magurudumu kuacha ardhi.

Badilisha betri ya rimoti leo. Nyingi, ya Ducato ikiwemo, hutumia CR2032 ya volti 3. Rimoti dhaifu hufunga milango ukiwa karibu na kukosa ule mbonyezo wa pili, na huo wa pili ndio uliokuwa wa maana.

Na wenye traka, kile kifaa cha setilaiti kinachofuatilia gari lilipo, wafanye kazi moja ya ziada. Traka hupima mwendo bila kujali alamu. Kwake, gari ambalo injini imezimwa na linasogea ni gari linaloibwa. Ndani ya sitaha ya chuma setilaiti hazionekani, hivyo kinaweza kukaa kimya safari nzima, na meli ikifungua mlango kikajikuta mamia ya kilomita kutoka kilipolala. Kituo kinachokisimamia kitakupigia simu, na simu yako huenda haina mtandao. Vifaa vingine vinaweza hata kuamriwa kutoka mbali kuzuia injini isiwake. Fungua programu ya traka uweke hali ya usafiri au feri kwa tarehe zote, au pigia kituo uwape jina la meli, siku ya kuondoka na siku ya kufika. Fanya hivyo leo, kuna mtandao.

Siku ya 2: Kupanda meli

Kabla ya kuingia foleni, andaa upande wa makazi, yaani sehemu ya kulala na kupikia. Mtungi wa gesi ufungwe kwenye valvu yake yenyewe, kwa kuwa kufunga vali za ndani peke yake hakutoshi. Friji ya kutumia gesi izimwe kwa kitufe chake, isiachwe kwenye kujichagulia nishati: itatafuta gesi, itaikosa, itapiga mlio wa hitilafu kila baada ya muda. Watu wa gari la jirani hawatajua kuutofautisha na alamu. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu zilizogandishwa, zikiwekwa rafu ya juu, huokoa chakula vizuri mradi mlango haufunguliwi.

Kigunduzi cha gesi kinachotumia volti 12 kizimwe kwa swichi yake mara mitungi ikishafungwa. Sitaha ikipakiwa, moshi wa dizeli hujaa, na vigunduzi vingi vya gesi huuchukulia moshi kuwa gesi. Kigunduzi cha monoksaidi ya kaboni (gesi ya sumu) chenye betri yake kiache, ila kama kimeanza kutoa ule mlio mmoja mmoja wa betri kuisha, badilisha betri sasa hivi.

Halafu vitu vinavyoning'inia: taulo, koti, funguo kwenye ndoano, kamba za mapazia. Vilaze chini. Hata kama vihisi vya ndani vitazimwa, huu ni ulinzi wa pili iwapo mkono utakosea. Madirisha ya paa yafungwe kabisa, vioo vipandishwe mpaka mwisho, ngazi ya umeme irudishwe ndani.

Pima betri ya injini kwa mita baada ya kusimama foleni muda, injini ikiwa imezimwa. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. Ikisoma karibu 12.2 imebaki nusu, na kabla ya siku mbili za baridi kwenye chuma inafaa kujua hivyo.

Jambo dogo linalookoa watu wengi kuliko kitufe chochote: begi la kabini lipangwe kwenye foleni na liwekwe kwenye kiti cha abiria. Dawa za kichefuchefu, dawa za kila siku, miwani, chaja, sweta, nguo za kulala, pasipoti. Kosa linaloongoza kwenye sitaha za magari ni hili: dereva anazima vihisi vizuri, anafunga, anaondoka, anakumbuka chaja, anarudi, anafungua, anachukua, anafunga kwa mbonyezo mmoja kama alivyozoea. Kwenye magari mengi, kuzima vihisi kunadumu kwa kufunga kule tu. Kwenye Volkswagen, ukifungua na kufunga upya kwa kawaida, ulinzi wote umerudi. Mtu huyo anapanda juu akiwa na uhakika kwamba alifanya kila kitu, na kweli alifanya, lakini kabla ya chaja.

Kwenye sitaha mpangilio uwe huu. Simama pale baharia anapokuonyesha, hata kama pengo na gari la jirani linaonekana dogo mno. Breki ya mkono ivutwe mpaka mwisho, gia namba moja, au P kwa otomatiki. Wenye suspensheni ya hewa inayojisawazisha waizime, maana itahangaika kulinganisha gari na sakafu isiyotulia. Zima injini. Subiri mabaharia wapite na kabari na mikanda kama wanafunga gari lako, kwa sababu wanaegemea, wanatikisa, na huenda wakakuomba usogee sentimita ishirini. Ukishaambiwa tayari, toa begi, funga mlango wa makazi kwa ufunguo, fanya utaratibu wa vihisi, funga.

Sasa simama. Usiondoke na umati. Hesabu sekunde 45 ukiangalia taa ndogo nyekundu, uhakikishe inamulika kwa mtindo uleule uliouona jana ulipojaribu. Vuta mpini wa mlango mmoja uhakikishe umefungwa. Andika namba ya sitaha na rangi au herufi ya ngazi. Ndipo upande.

Usikate betri. Kila msimu kuna anayefikiri njia ya uhakika ni kulegeza nati ya betri ya injini. Ving'ora vya alamu nzuri vina betri yao ndani, kwa makusudi kabisa: mwizi akikata nyaya, king'ora kinalia kwa nguvu yake chenyewe. Ukikata betri alamu ikiwa imewashwa unakuwa umekiamsha king'ora mwenyewe. Hata swichi kuu ya volti 12 ya makazi inahitaji uangalifu, kwa kuwa mafundi wengine hufunga alamu au traka kwenye betri ya makazi. Kama hujui waya wako unatoka wapi, zima swichi hiyo kabla ya kufunga gari, usikilize dakika moja, ndipo ufunge.

Siku ya 3: Baharini

Meli inapita kaskazini mwa Uskoti, upande wa Shetland, na baada ya hapo mawimbi ya bahari kuu huja marefu. Hapa hakuna la kufanya kuhusu gari, na hilo ndilo lengo.

Tangazo la namba ya gari ambalo alamu yake inalia likisomwa na ni la kwako, usibonyeze rimoti kutoka kabini au kwenye ngazi. Chuma kati yako na gari ni kingi mno kwa mawimbi ya rimoti. Nenda mapokezi na ufunguo pamoja na rimoti, useme jina la gari na sitaha uliyoandika. Wakiona inafaa watakupeleka na baharia. Ukifika usifungue na kufunga kwa haraka. Fungua, ingia, tafuta kilichoamsha, fanya utaratibu mzima wa vihisi, funga, subiri tena sekunde zilezile 45 mbele ya baharia. Hakutakuwa na safari ya pili kwa ajili ya gari lako bahari ikichafuka.

Kama vihisi vilizimwa kweli na bado king'ora kinalia, mara nyingi chanzo ni swichi ya mlango. Kempavani nyingi zina vihisi vya sumaku visivyo na waya kwenye mlango wa makazi na makabati ya nje. Meli ikitikisika, mlango wa kabati la gesi au la baiskeli huchezacheza kwenye bawaba, sumaku inaachana na mwenzake, na alamu inaamini kabati limefunguliwa. Kwa hapo baharini, kufuli la kabati likazwe na karatasi nene ikunjwe ichomekwe kwenye upenyo ili mlango usicheze.

Siku ya 4: Tórshavn

Saa za Faroe ziko nyuma ya Denmark kwa saa moja. Wanaoendelea Iceland moja kwa moja hubaki melini. Ratiba hii inashuka na kusubiri meli ya baadaye.

Abiria wanaposhuka kwenye sitaha, kila mtu hufungua gari kwa wakati mmoja na rimoti zinaingiliana. Rimoti ikigoma, sogea mpaka mlangoni ujaribu tena kabla ya kutumia ufunguo wa chuma: kwenye magari mengi kufungua kwa ufunguo wa chuma bila rimoti huamsha king'ora. Usiwashe injini mpaka mstari wako uitwe, moshi utaua watu kwa kikohozi.

Tazama taa ya alamu kabla ya kuwasha swichi. Alamu nyingi za kufungwa baadaye huweka kumbukumbu: idadi ya kumulika inakwambia kama kulikuwa na tukio na lilitoka kihisi gani. Taarifa hiyo hufutika ukiwasha gari, na ndiyo taarifa bora utakayopata kuhusu kuvuka kulikotangulia.

Nje ya bandari, simama mahali palipo wazi dakika kadhaa traka ipate setilaiti. Usiondoe hali ya feri bado, kuna meli mbili mbele.

Kwenye Faroe huruhusiwi kulala na kempavani popote upendapo; ni kambi rasmi tu. Usiku kambini utaratibu wa vihisi ni uleule wa melini, kwa sababu nyinyi wenyewe ndio mnaotikisika ndani. Hapa ile tofauti ya Ford na Volkswagen inageuka suala la uhai. Kufuli la pili lisilofunguka kutoka ndani halifai kamwe kuwekwa pakiwa na mtu amelala. Kwenye Ford funga mara moja tu, na kwenye Volkswagen mara mbili, ambako hulegeza kufuli hilo. Ukiwa na shaka, keti ndani, mtu mwingine afunge kwa nje, kisha ujaribu kufungua.

Upepo wa Faroe nao ni wa kuheshimiwa. Gari refu lililoegeshwa ubavu kwa upepo huyumba vya kutosha kuamsha kihisi cha mwinamo hata pasipo bahari. Elekeza pua kwenye upepo.

Siku ya 5: Suðuroy

Kisiwa cha kusini kabisa hufikiwa kwa feri ya ndani, Smyril, iliyojengwa Hispania na kuanza kazi 2005. Kutoka Tórshavn hadi Krambatangi ni takriban saa mbili. Watu huichukulia kama daladala, na hapo ndipo wanapojisahau: ni saa mbili tu, bahari ni ileile, na gari linaachwa chini. Fanya kila kitu cha siku ya pili isipokuwa friji, ambayo kwa saa mbili haihitaji barafu. Gesi bado inafungwa.

Kwa safari fupi kama hii kuna wanaoona heri waache gari bila kulifunga kabisa, hivyo alamu isiwake. Kwa mtazamo wetu hiyo ni njia mbaya. Magari mengi hujifunga yenyewe, yakiwa yamefunguliwa kwa rimoti na mlango wowote haukuguswa ndani ya nusu dakika hivi, na yakijifunga yanaweza kuwasha ulinzi wote. Pia bima nyingi hazilipi kilichoibwa kwenye gari lisilofungwa.

Kusini, njia ya zamani ya kijiji cha Sumba inapita karibu na mwamba wa Beinisvørð, unaoinuka karibu mita 470 juu ya bahari. Egesha mbali na ukingo, na usifungue milango miwili kwa mpigo upepo ukivuma. Bawaba zikipinda, swichi ya mlango haitakaa sawa tena, na alamu itaanza kulia bila sababu nchi kavu.

Siku ya 6: Melini tena

Kuvuka kwa usiku kwenda Iceland. Leo ndiyo siku ya kukosea, kwa kuwa kila kitu kimezoeleka. Tumia karatasi iliyobandikwa kwenye kivuli cha jua cha dereva yenye maneno matano: gesi, friji, vinavyoning'inia, begi, vihisi. Isome kwa sauti kabla ya kuchomoa ufunguo.

Wenye vihisi vya sumaku visivyo na waya wakague leo. Pengo kati ya sumaku na kihisi chake liwe chini ya sentimita moja mlango ukiwa umefungwa. Kwenye kuta nyembamba za faiba, mkanda wa povu ukibandikwa ukingoni mwa mlango wa kabati huondoa mchezo wote. Betri ndogo za vihisi hivi hulegea kwenye baridi, na sitaha ya chuma kaskazini huku ni ya baridi hata Julai.

Siku ya 7: Seyðisfjörður na Egilsstaðir

Saa inarudi nyuma tena, sasa saa mbili nyuma ya Denmark ya kiangazi. Meli inaingia kwenye ghuba ndefu nyembamba yenye milima pande zote.

Gari likikataa kuwaka sitahani, usifungue boneti wala kuunganisha nyaya na jirani. Mwanya ni mdogo na magari yanaanza kusogea. Teremsha kioo, mwite baharia, onyesha betri kwa kidole. Wafanyakazi wa sitaha hukutana na jambo hili na huwa na kifaa cha kuamshia. Kwenye Ducato nyingi betri ya injini iko chini ya sakafu, upande wa miguu ya dereva, lakini chini ya boneti kuna nukta ya chanya yenye kifuniko chekundu; mwonyeshe hiyo ili asihangaike na zulia. Injini ikiwaka usiizime mpaka umevuka mlima.

Na mlima uko palepale. Barabara namba 93 inapanda Fjarðarheiði hadi zaidi ya mita 600 kabla ya kushuka Egilsstaðir, kilomita 27 hivi, na ukungu si ajabu. Kwa betri iliyonyonywa usiku, mwendo huo hautoshi kuijaza. Ukifika kambi ya Egilsstaðir unganisha umeme wa kambi usiku mzima, ukihakikisha chaja ya makazi inachaji pia betri ya injini, maana nyingine hazifanyi hivyo.

Kambini pia ndipo unaporudisha ulinzi. Kwenye Ducato unaacha ufunguo MAR zaidi ya sekunde 30 kuvirejesha vihisi vya ndani. Kwenye Ford rudi kwenye menyu uhakikishe ulinzi uko kamili. Kwenye traka toa hali ya feri, ukisubiri ujumbe wa kuthibitisha. Halafu rudia jaribio la siku ya kwanza: kioo nusu, funga kwa kawaida, dakika nzima, mkono dirishani. Safari hii king'ora kinatakiwa kilie.